Frontline Plus kwa mbwa mzee mwenye kifafa

Bobi wetu ana miaka 13. Macho yameingia ukungu, miguu ya nyuma inamsumbua, na mara mojamoja kifafa humwangusha. Kwa hiyo nikisema Frontline Plus, dawa ya viroboto ya kudondosha, imetufaa, nazungumzia mbwa wa namna hiyo, si hawa vijana wanaoruka ukuta.

Karibu kila mtu alinishauri kidonge cha kutafuna, Bravecto au NexGard. Kwa mbwa wengi ni dawa nzuri, na Bravecto moja huzuia viroboto wiki 12. Daktari wa mifugo akakataa palepale. Dawa za kundi hilo zinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha wafugaji. Jirani naye akaleta dawa ya josho ya ng'ombe, ile ya amitrazi. Hiyo ni ya kupe na ukurutu, viroboto haiwawezi, na kwa mzee inaweza kushusha mapigo ya moyo. Nilimshukuru, akarudi nayo.

Frontline Plus hudondoshwa kwenye ngozi. Fipronili iliyomo husambaa na mafuta ya ngozi na kumuua kiroboto anapoigusa, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Pia ina methoprini, inayozuia mayai na mabuu kukua.

Angalia uzito, jamani. Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinitolea ya kilo 20 hadi 40 kwa sababu nilisema mbwa ni mkubwa. Mkubwa wa mifupa tu! Nilipanda mizani nimembeba, nikapanda tena peke yangu, nikatoa: kilo 17. Kichupa chake ni cha kilo 10 hadi 20, mililita 1.34.

Unagawa manyoya katikati ya mabega mpaka uone ngozi yenyewe, ndipo unakamua, mahali ambapo ulimi haufiki. Ukimwagia juu ya manyoya umeipoteza. Bobi alibaki na nywele zimegandana kama aliyepakwa samli, na harufu kidogo, basi. Hakutapika wala kuyumba. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kumpaka.

Hapa ndipo watu huilaumu bure. Viroboto waliendelea kuonekana, mke wangu akaanza kusema tumepigwa. Lakini wale walikuwa wapya. Kiroboto mchanga akiwa bado ndani ya kifuko anamokulia sakafuni dawa haimfikii, na huendelea kuchomoza kwa wiki kadhaa. Tulifua matandiko ya Bobi kwa maji ya moto, tukasogeza makochi na kufagia mpaka kwenye nyufa. Mimi nilipima kwa kitana: vile vichembe vyeusi unavyochana mgongoni, viweke kwenye tishu iliyolowa. Vikitoa wekundu, ni kinyesi cha viroboto, damu ya mbwa wako hiyo. Safari hii tishu inabaki nyeupe, na Bobi hajikuni tena usiku kucha.

Bei inauma, sitaficha. Na mwenye sungura amweke mbali kabisa, fipronili inaweza kumuua. Nitanunua tena, ila kichupa kimoja kimoja badala ya boksi zima, maana uzito wa mzee huyu haukai mahali pamoja.