Huduma kwa wenye uvimbe kwenye ovari: tathmini ya kliniki moja ya wanawake

Mwanamke akishaambiwa kuwa ana uvimbe kwenye ovari, swali linalomkaa moyoni ni kama atazaa. Ndiyo maana kliniki ya magonjwa ya wanawake niliyohudumiwa, ambayo sitaitaja jina, naipima kwa kigezo kimoja kuliko vingine vyote: je, swali hilo hupewa jibu la kweli kabla mgonjwa hajatajiwa upasuaji? Kwa maoni yangu hupewa, na kwa uangalifu mkubwa.

Altrasaundi hufanywa kwa njia ya uke, kwa idhini ya mgonjwa, kwa kuwa ovari huonekana vizuri zaidi hivyo kuliko kwa kupitisha kifaa juu ya tumbo. Skrini iligeuziwa upande wangu. Niliona duara jeusi lenye ukuta mwembamba, na daktari akanionyesha kwa kidole kwamba ndani yake hamkuwa na vigawanyo wala sehemu ngumu, dalili kwamba ulikuwa uvimbe wa maji tu. Ukubwa wake ulikuwa sentimita 4. Alinieleza kwamba yai hukulia ndani ya kifuko kidogo cha maji, na kwamba kifuko hicho kisipopasuka kwa wakati wake, au kikijifunga na kujaa tena baada ya yai kutoka, hugeuka kuwa uvimbe ambao mara nyingi huisha wenyewe ndani ya mizunguko michache ya hedhi. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, uvimbe wa aina hiyo ulio chini ya sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji hata kufuatiliwa.

Kuhusu uzazi, hakunipa maneno matamu ya kunituliza, bali alizitenganisha aina za uvimbe, na hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa. Uvimbe wa maji kama wangu hauondoi uwezo wa kushika mimba. Ule wa dermoidi, ambao huweza kuwa na mafuta, nywele na hata meno ndani yake, huondolewa huku ovari ikiachwa inapowezekana. Ule unaotokana na endometriosisi, yaani ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, ndio wenye mashaka zaidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe huweza kuathiri uzazi, na kuukata nako huweza kupunguza akiba ya mayai. Kwa hiyo uamuzi wa kupasua hupimwa kwa umri wa mgonjwa, maumivu yake na mpango wake wa kupata mtoto. Ovari zenye vifuko vingi vidogo ni suala jingine kabisa la homoni, ambalo huvuruga upevushaji wa mayai lakini mara nyingi hutibika kwa dawa. Aliongeza kwamba hata mwenye ovari moja iliyo nzima anaweza kupata mimba, habari ambayo wanawake wengi wangestahili kuisikia mapema.

Nasema haya kwa uchungu, kwani mahali pengine nilipopitia kabla ya hapo niliambiwa kwa dakika chache tu kwamba ovari itolewe, bila kuelezwa aina ya uvimbe wala kuulizwa kama nataka watoto. Katika kliniki hii sikuuziwa hata dawa. Daktari alisema kwamba vidonge vya kupanga uzazi huweza kuzuia uvimbe mpya usitokee, lakini haviyeyushi ule uliokwisha kuwapo. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho husaidia kuchunguza saratani ya ovari, hakukiagiza pia, kwa kuwa kiwango chake hupanda hata kwa sababu ya hedhi au endometriosisi, na kwa hali yangu kingenitia hofu bure.

Mapokezi ni ya kawaida, na faragha inalindwa. Kasoro kubwa ni karatasi ya majibu, ambayo ina vipimo na istilahi za kidaktari tu. Dalili za hatari nilitajiwa kwa mdomo: maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, hasa yakiambatana na kutapika, yanaweza kuwa ishara kwamba ovari imejisokota na kukosa damu, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani kuchelewa kunaweza kumpotezea ovari. Maelezo mazito kiasi hicho hayafai kuachiwa kumbukumbu ya mtu aliyejaa wasiwasi, wala ya ndugu aliyebaki nje ya chumba. Nimeuandikia uongozi wa kliniki kuomba yachapishwe nyuma ya karatasi hiyo hiyo, pamoja na namba ya kupiga usiku.