Heritage na inheritance: urithi upi ni upi?

Kiswahili hulitwika neno urithi mizigo miwili: nyumba ya marehemu na nyimbo za mababu. Kiingereza huitenganisha. Inheritance kwa kawaida ni mali ya aliyefariki. Hugawanywa, hugombaniwa, na Uingereza huitoza kodi. (Hata rangi ya macho tunayorithi kwa wazazi huingia katika neno hilo.)

Heritage lina mzizi uleule wa Kilatini, na zamani nalo lilitaja mali ya kurithi. Leo limeegemea lugha, mila na majengo ya kale. Ndilo lililomo katika Mkataba wa Urithi wa Dunia wa UNESCO wa 1972. Urithi wa aina hii haugawanywi: ukijifunza wimbo wa bibi, nduguyo hapungukiwi.

Ninapotafsiri, inheritance ya mali naiita mirathi. Heritage naiandika urithi wa utamaduni, ingawa ni refu.