Tahadhari: Muuzaji anayetangaza giaboksi ya TH400 na kupeleka TH350 iliyopakwa rangi

Natoa tahadhari hii kwa wote wanaotafuta giaboksi ya otomatiki ya magari ya zamani ya General Motors. Kuna muuzaji anayetangaza mtandaoni Turbo-Hydramatic 400, yaani TH400, akidai kuwa imefumuliwa na kufungwa upya kwa vipuri vipya, lakini anachomletea mnunuzi ni TH350, giaboksi nyingine ya kampuni hiyohiyo, iliyopakwa rangi ya fedha na kubadilishiwa tu gasketi ya sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini yake. Jina lake halitasaidia kitu, kwa kuwa hubadilisha akaunti kila malalamiko yanapozidi. Mbinu yake ndiyo haibadiliki.

Anachotegemea ni hesabu ya bolti. Mnunuzi anapoomba uthibitisho, humwambia azihesabu bolti za sampu katika picha, naye akizihesabu anazikuta 13 kama alivyosoma kuhusu TH400. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haithibitishi chochote, kwa sababu TH350 nayo ina bolti 13. Idadi ya bolti inafaa kutenga aina nyingine, kama vile Powerglide ya gia mbili yenye bolti 14, au 700R4 ya miaka ya 1980 yenye bolti 16. Kati ya TH350 na TH400 kinachotofautisha ni umbo: sampu ya TH350 inakaribia kuwa mraba uliokatwa pembe moja, ilhali ile ya TH400 ina kingo zilizopinda huku na huku na haifanani na umbo lolote la kawaida. Ndiyo maana picha zake zote hupigwa kwa karibu mno, zikaonyesha bolti vizuri na kuficha umbo zima. Ni ujanja ambao, lazima nikiri, umefikiriwa.

Omba basi picha ya ubavu wa kulia. Tafuta modulata ya vakyumu, kile kikopo kidogo cha bati kinachopokea mpira wa upepo kutoka kwenye manifoldi ya injini. Katika TH350 kimekaa nyuma, karibu na mkia; katika TH400 kiko mbele zaidi, kuelekea katikati ya ubavu. TH350 huvutwa kwa waya unaotoka kwenye kabureta ili ishuke gia unapokanyaga mafuta hadi mwisho, lakini TH400 hufanya kazi hiyo kwa umeme, na tundu lake la kuchomekea waya liko ubavu wa kushoto. TH400 pia hubandikwa kibati cha chuma upande wa kulia chenye mwaka na herufi za modeli. Kibati kinaweza kung'oka kwa uzee, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa wizi, lakini niliyoletewa mimi haikuwa hata na alama ya mahali kibati kilipokuwa, na modulata ilikuwa nyuma kabisa.

TH350 si giaboksi mbaya. Ilitolewa kwa magari ya modeli ya 1969, na kwa injini ya wastani inatosha. Hasara ni kwamba hizi mbili hazibadilishani kirahisi: mhimili unaotokea nyuma ya giaboksi ya TH350 una meno 27 na ule wa TH400 una meno 32, kwa hiyo kichwa cha propela ulichonacho hakitaingia, na maunti, yaani kishikio cha giaboksi, ya TH400 imekaa nyuma zaidi, hivyo boriti inayobeba giaboksi chini ya chasisi hulazimika kuhamishwa. Aliyetayarisha gari kwa ajili ya moja, akaletewa nyingine, amepoteza kazi yote ya fundi.

Hata anayepata TH400 halisi kwa muuzaji huyu bado hajasalimika. TH400 zilitengenezwa kwa midomo ya mbele tofauti, yaani sehemu inayofungwa kwenye injini: mpangilio wa matundu ya bolti wa Chevrolet si ule wa Buick, Oldsmobile na Pontiac, na zile zilizouzwa kwa Jaguar na Rolls-Royce zina zake. Yeye huziita zote «za Chevrolet». Aidha, baadhi ya zile za Buick, Oldsmobile na Cadillac za 1965 hadi 1967 hutumia konvata (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta) ya pekee yenye mapanga yanayobadili mwelekeo, ambayo haiwezi kubadilishwa na konvata ya kawaida, naye huziuza bila konvata yake.

Kuhusu dai la kufungwa upya, fungua sampu kabla ya kitu kingine chochote. Ndani ya ile niliyoletewa, chujio lilikuwa la kahawia kwa uchakavu, na chini ya sampu palikuwa na tope jeusi la plati za klachi zilizoungua.

Dhamana anayoahidi ina mtego pia. Anakataa kila dai kwa kusema kwamba fundi hakuingiza konvata hadi mwisho, akaiharibu pampu. Kosa hilo lipo kweli, na huua pampu mara injini inapowashwa, kwa hiyo anayefunga giaboksi yoyote apime nafasi kati ya konvata na bamba la injini kabla ya kukaza bolti: inapaswa kuwa takriban milimita 3 hadi 5, na konvata izunguke bila kukwama. Apige picha ya kipimo hicho.

Kwa ambaye mzigo umeshamfikia, asiufunge kwenye gari. Apige picha za kasha likiwa halijafunguliwa, kisha sampu nzima, ubavu wa kulia, na namba zote zilizogongwa kwenye bodi, halafu apeleke malalamiko kwa kampuni iliyopitisha malipo kabla muda wa kudai haujaisha, kwa sababu muuzaji huyu huomba subira ya kutuma nyingine hadi muda huo upite.