TAHADHARI: Hiyo "Leica ya Mjerumani" unayouziwa ni FED ya Kisovieti

Wakuu, wapenzi wa kamera za filamu, kuweni macho. Kuna matangazo yanazunguka kwenye magrupu ya "Leica ya vita, orijino, imetunzwa". Mwili wa dhahabu, ngozi nyekundu au ya nyoka, tai wa Kinazi juu, na nyingine zina maandishi ya Olimpiki ya Berlin 1936. Bei inayotajwa ni ya Leica, ila mzigo wenyewe karibu kila mara ni FED au Zorki (nayo kamera ya Kisovieti) iliyokwanguliwa na kuchongwa upya.

FED ilianza kutoka Kharkiv mwaka 1934, nakala ya Leica II ambayo Wajerumani waliitoa 1932. Zorki ikafuata Krasnogorsk mwaka 1948. Zote mbili zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu, kwa hiyo malighafi ya feki haijawahi kukosekana. Anayechakachua anafuta maandishi ya Kirusi, anapaka dhahabu juu ya shaba, anachonga "Leica" na "Ernst Leitz Wetzlar" (kiwanda cha Leica na mji wake), basi. FED nzima inayofanya kazi kwa kawaida haifiki dola 100 za Marekani, wakati Leica II ya kweli yenye Elmar, lenzi yake, ni mamia kadhaa. Hiyo tofauti ndiyo faida ya tapeli.

Kwa wanunuzi wa Tanzania kuna hadithi inayopendwa sana: eti kamera iliachwa na afisa wa Kijerumani enzi za Vita vya Kwanza. Leica iliingia sokoni mwaka 1925, kwenye maonyesho ya Leipzig. Kufikia hapo utawala wa Mjerumani Tanganyika ulishakwisha na nchi iko mikononi mwa Mwingereza. Walowezi wa Kijerumani walirudi baadaye, na Leica halisi ingeweza kuja nao, lakini hiyo ni hadithi nyingine na haina afisa ndani yake. Ukisikia "ya babu, tangu 1916", funga mazungumzo.

Sasa ukaguzi. Cha kwanza, lenzi itoke. Inafunguka kwa kuzungusha kinyume na mwendo wa saa. Chungulia ndani ya mdomo wa kamera, sehemu ya juu: kuna mkono mdogo unaosukumwa na lenzi ili renjifainda (kipima umbali cha kamera) isome umbali. Kwenye Leica mkono huo unaishia na kigurudumu cha mviringo kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki, karibu zote, unaishia na ncha iliyochongwa kama kabari, haizunguki. Tapeli anahangaika na vinavyoonekana kwa nje, huko ndani hagusi. Ndiyo maana picha ya sehemu hiyo ndiyo pekee asiyotaka kukutumia. Utaambiwa lenzi imekaza, au fundi kakataza isifunguliwe. Jibu la hapo ni kuachana naye.

Cha pili, namba za lenzi, na hapa watu wengi wanapigwa kwa kutojua kusoma. Elmar ya kabla ya vita imeandikwa f=5cm 1:3,5. Ni sentimita, si milimita, na desimali ni mkato. Ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga unakwenda 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Industar-22, lenzi iliyokuja na Zorki, ina 3.5, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kwa hiyo ukiletewa "Elmar ya 1936" yenye 5.6 na 8, hiyo ni lenzi ya baada ya vita iliyobadilishwa jina. Angalizo: lenzi ya FED ya zamani inatumia mpangilio uleule wa 4.5 na 6.3, kwa hiyo kufaulu kipimo hiki hakutoshi.

Kisahani cha spidi za shata (kinachofunguka kupitisha mwanga; 20 ni 1/20 ya sekunde) nacho kinasema mengi. Leica II ya kabla ya vita: 20, 30, 40, 60, 100, 200, 500 na Z (shata inakaa wazi ukiendelea kubonyeza). Ukikuta 25, 50, 100, 250, 500 umeshika Zorki ya baadaye. Halafu linganisha na jina: Leica III, iliyotoka 1933, ina kisahani cha pili mbele kwa spidi za polepole. Leica za jeshi la anga la Ujerumani zinazojulikana zaidi ni IIIc, ambazo nazo zina kisahani hicho. FED ya kwanza haina. "Leica ya Luftwaffe" (ndilo jeshi hilo la anga) isiyo na kisahani cha mbele, tai wake kachongwa juzi.

Namba ya mwili: orodha za Leitz zimechapishwa, unaandika namba unapata modeli na mwaka. Feki nyingi zina namba ya modeli nyingine kabisa. Lakini namba inaweza kunakiliwa kutoka kamera ya kweli, kwa hiyo isikutulize peke yake.

Kuhusu dhahabu: Leica Luxus zilizojipatia jina, za 1929 hadi 1931, zilikuwa Leica I, hazina renjifainda na lenzi haifunguki. Hii unayoonyeshwa ina renjifainda, na lenzi yake inafunguka.

Wengine watasema, feki iwe, mradi inapiga picha. Tatizo ni kwamba kupaka dhahabu kunahitaji kamera ifumuliwe, na wanaoifumua hawairudishi kwa kipimo: renjifainda inapotea, umbali kati ya lenzi na filamu unabadilika (unatakiwa milimita 28.8), uchafu wa kung'arishia unabaki kwenye gia. Pazia la shata ni kitambaa chenye mpira na huwa hawalibadilishi. Likague hivi: toa lenzi na kifuniko cha chini, ingia chumba chenye giza, ingiza mwanga wa tochi ya simu kupitia mwanya wa filamu, chungulia kwa mbele. Vitobo vinaonekana kama nyota. Fanya kabla ya kuvuta shata (kuikaza kwa kitufe cha juu) na baada ya kuvuta, maana mapazia ni mawili.

Usitume "nusu ya kushikilia mzigo" kwa M-Pesa. Omba video moja isiyokatwa: lenzi inatolewa, ndani panaonyeshwa, kifuniko cha chini kinafunguliwa, shata inapigwa kwenye 20 na 500. Anayeuza kitu halali anamaliza hiyo kwa dakika mbili.

Kama imeshakula kwako na shata ni nzima, itumie kama FED. Weka spidi baada ya kuvuta shata, si kabla. Ulimi wa filamu (ncha yake nyembamba ya mwanzo) ukate upya ufikie kama sentimita 10, la sivyo filamu itakwama kwenye mwanya wake na vipande vyake vitaingia kwenye shata. Ukitaka kuiuza, itangaze kwa jina lake: FED iliyochongwa Leica, na bei iwe ya FED.