Kauntabuku ya kwaya mbili: miezi kumi ya kuhesabu mikono baharini

Naanza na bei, maana wengi wenu ndiyo mnayoitaka: shilingi 230, duka la vitabu pale Mwembe Tayari, Mombasa, Januari mwaka huu. Kauntabuku ya kwaya mbili, kurasa 192, jalada gumu jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu. Kwaya hiyo ni ya kuhesabia karatasi, si ya kuimba. Mwanangu mdogo aliuliza. Ndiyo ile ile tunayoandikia madeni dukani kwa mjomba, ninakoshika hesabu mwaka wa 19 sasa. Hii yangu nimeandikia deni langu mwenyewe, la kuogelea.

Nina miaka 47. Nimezaliwa Kibokoni, bahari iko mlangoni, na kuogelea sijui. Kaka zangu walijitupa majini tangu wadogo, sisi wasichana tukakaa ukingoni kulinda nguo zao. Basi Januari nikamtafuta kijana mmoja pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Pirates kwa jina tulilolizoea. Yeye hukodisha tyubu na hufundisha watu kwa shilingi 300 kwa saa. Tukapatana Jumanne na Jumamosi, saa kumi jioni. Siku zilizobaki ni nyumbani, uso ndani ya beseni, nahesabu sekunde.

Nilianza na vitu viwili pamoja: kauntabuku, na programu ya simu ya kufuatilia mazoea ambayo binti yangu aliniwekea. Jina lake nitalistahi. Ilikuwa ikinikata shilingi 350 kila mwezi. Kila siku unabonyeza kiduara, kinageuka kijani, unapongezwa. Wallahi mwanzo niliipenda. Ila kiduara cha siku niliyotia uso kwenye beseni kwa sekunde tisa kilikuwa kijani sawasawa na cha siku niliyopiga mikono 20 bila kukanyaga mchanga. Mie dukani mtu akiniandikia hivyo, mfuko mmoja wa saruji na lori zima ni tiki moja, simwachii kalamu.

Halafu Ramadhani ikaingia, nami niko siku ya 41. Sikuwa na nia ya kwenda kuchezea maji ya chumvi na saumu mdomoni. Programu haikuuliza. Nikaamka kwa daku, nikakuta sifuri kubwa katikati ya kioo, na chini yake maneno kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 mfululizo. Siku 21 mie nilikuwa nishazipita mara mbili kasoro moja! Nilikasirika kama niliyeibiwa. Binti wa dada yangu, yuko chuo, akaniambia hiyo 21 haina mguu wa kusimamia. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuata watu 96 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Wastani wa kitu kipya kuwa mazoea ulikuwa siku 66, na makadirio ya mtu mmoja mmoja yalianzia 18 yakafika 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Nikamwambia aiambie simu yangu.

Sasa kauntabuku. Kila siku ya bahari ina ukurasa wake. Siku za beseni nazibana chini kwa mistari mifupi. Juu naandika tarehe mbili, ya kizungu na ya mwezi, kwa sababu marehemu baba aliandika hivyo na mkono wangu haujui njia nyingine. Kisha mikono mingapi kabla ya kusimama. Kisha nafasi pana ya maneno: "maji puani", "miguu inazama", "leo nimepumulia upande wa kulia bila kuwaza". Hiyo nafasi pana ndiyo iliyoniokoa.

Baada ya Idi nilirudi majini, nikaanza kuporomoka. Siku moja mikono 37, Jumamosi inayofuata 14. Nikajiona mzee, nikajiona mzito, nikakaribia kumwambia yule kijana kwaheri. Usiku mmoja nikakaa na kauntabuku kama ninavyokaa na hesabu isiyotimia dukani, kidole kwenye safu ya tarehe. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, tarehe 16: mikono 12. Mfungo Mosi 23: 37. Mfungo Pili 1: 14. Mfungo Pili 8: 40.

Nikacheka peke yangu. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, kama hizo tarehe 1 na 16, ni bamvua, maji ya kujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu bamvua ikifika, saa kumi jioni maji huwa yamejaa tele. Mwamba umefunikwa, mawimbi yanapita juu yake hadi ufuoni, nami nakutana nayo kwa uso. Tarehe za 8 na za 23 ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana, mwamba unayavunja mawimbi huko mbali na ndani kunatulia. Sikuwa nimeporomoka. Bamvua kwa bamvua nilitoka 12 nikafika 14, maji mafu kwa maji mafu 37 hadi 40. Nilikuwa napanda, taratibu, kwenye ngazi mbili tofauti.

Nilimwonyesha kijana wangu ukurasa, nikijiona nimevumbua kitu. Akauangalia, akaniangalia. "Mamangu, hilo mvuvi yeyote angekwambia bure." Ni kweli. Lakini hakuniambia, na nilimlipa.

Kasoro zipo. Chumvi inaila gundi. Kufika ukurasa wa 60 uzi wa mgongo ulikuwa umelegea, nikaufunga kwa utepe wa charahani. Usiandikie kalamu ya wino wa jeli, tone moja la maji kutoka kwenye nywele na ukurasa mzima wa Februari umekuwa bahari. Haikukumbushi pia: kengele ya saa tisa unusu ndiyo kitu pekee ninachokikosa kwenye ile programu, na siku hizi naitega kwenye simu bure. Na inakubali uwongo. Julai, kusi imechafua maji, niliandika 50 na nilipiga 46. Nikaikata kwa mstari mmoja, nikaandika 46 pembeni na kutia sahihi, kama tufanyavyo dukani. Hiyo 50 bado inasomeka chini ya mstari, na kila nikifungua hapo naona haya.

Nyota nne kwa tano. Ya tano wangeipata kwa uzi bora.

Programu niliifuta Mei. Jumamosi iliyopita, tarehe 24 kwa hesabu ya mwezi, nimepiga mikono 112, hadi mashua ya pili na nusu ya njia ya kurudi. Pembeni nimeandika: "mwani mwingi, nimemeza maji mara moja." Zimebaki kurasa 121.