Mgongo sugu: sindano au mazoezi ya tiba?

Maumivu ya mgongo yakipita miezi 3 huitwa sugu, na hapo ndipo ubishi huanza: uchomwe sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) karibu na neva za uti wa mgongo, au ushike mazoezi?

Kwa kasi, sindano inashinda. Nafuu huweza kuja ndani ya siku chache, ingawa mara nyingi hudumu wiki kadhaa au miezi michache tu. Tena humfaa zaidi mwenye maumivu yanayoshuka mguuni kwa sababu ya neva iliyobanwa. Kama ni mgongo wenyewe unaouma bila chanzo kinachoonekana, usitegemee makubwa. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashauri isitolewe kwa maumivu hayo.

Mazoezi huchelewa, huchosha, na ukiyaacha faida hupungua. Lakini hatari zake ni ndogo, na ukishafundishwa vizuri unayafanya nyumbani bure. Sindano unailipia kila unaporudi, na madaktari huweka kikomo cha dozi kwa mwaka.

Mwenye kisukari ajue steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari mapema.

Mguu ukiwaka moto hadi huwezi hata kuanza mazoezi, naona sindano ina nafasi, ili uyaanze. Kama bado unatembea na kulala, ningeanzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia, anayefundisha mazoezi haya. Ila ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo.