Gradle ndani ya IntelliJ IDEA na NetBeans: uzoefu wangu wa miezi minane, Dodoma

Juni mwaka jana nilisimama ndani ya ghala la mahindi Kibaigwa, nimeinamia kompyuta ya mteja, na programu ambayo jana yake ofisini ilikuwa inatoa stakabadhi vizuri haikutaka kutoa hata moja. Ilifunguka, ikapokea uzito wa gunia, lakini kila nikibonyeza kuchapa inajifunga. Nje fuso mbili zilikuwa zinasubiri kushusha, makuli wamekaa kivulini. Mama mwenye ghala akaniuliza taratibu, "Mwanangu, tuendelee na daftari?"

"Samahani mama, kwa leo tuendelee nalo."

Akavuta daftari lake, akaandika. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku huo, nimerudi chumbani kwetu Nkuhungu, nilifungua folda ya nbproject, ambamo NetBeans, kihariri tulichoandikia programu, huweka mipangilio ya mradi. Ndani ya faili la project.properties palikuwa na mstari unaoielekeza maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ya kutengeneza PDF kwenye diski C, kisha jina la mwenzangu, kisha Downloads. Tulikuwa tumeiongeza kwa mkono miezi mingi nyuma. Kwenye laptopu yake ilikuwepo. Kwenye yangu ilikuwepo kwa sababu alinirushia kwa WhatsApp nikaielekeza upya. Kibaigwa nikabeba JAR, yaani faili la programu ya Java iliyokwisha kujengwa, peke yake, ile maktaba ikabaki Dodoma. Hapakuwa na mahali popote, kwenye mradi mzima, palipoandikwa kwamba programu hii ili itembee inahitaji nini. Maelezo yalikuwa vichwani mwetu, na kila kichwa kina lake.

Kosa lilikuwa letu, si la NetBeans. NetBeans kwa miradi ya namna ile hutumia Ant, chombo cha kujengea programu, nyuma ya pazia, na Ant, ambayo ipo tangu 2000, hufanya kile ulichoiambia kwenye faili lake la maagizo, build.xml. Haikutafutii maktaba yenyewe. Tulihitaji chombo kinachoandikiwa orodha ya vitegemezi, yaani maktaba ambazo programu inazihitaji, kikavitafuta, kikajenga, kikapima, kikafunga mzigo mzima pamoja, na kikafanya hivyo sawasawa kwenye mashine ya kila mmoja.

Wengi wangetaja Maven, chombo cha namna hiyo, na ni jibu zuri. Maven 1.0 ilitoka 2004, imekomaa, faili lake la maelezo, pom.xml, linasomwa na vihariri vyote vikubwa, na kama uko peke yako na mradi wa kawaida wa Java ningekuambia uchukue hiyo na usiangalie nyuma. Sisi tulichagua Gradle, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, kwa sababu moja tu: karani wa mizani anatumia programu ya Android, na miradi ya Android Studio tangu 2013 inajengwa kwa Gradle. Mwenzangu alikuwa anaijua tayari upande huo. Kuwa na vyombo viwili kwa timu ya watu watatu ni mzigo.

Watatu hao ni mimi, mwenzangu anayeishi Dar es Salaam, na kijana wa field kutoka chuoni. Mimi natumia IntelliJ IDEA toleo la bure. Mwenzangu haachi NetBeans, na Apache NetBeans inasoma Gradle moja kwa moja tangu toleo la 11. Kijana yuko kwenye VS Code. Kwa hiyo nilichokuwa nakipima hakikuwa Gradle peke yake. Nilikuwa napima kama inaweza kukaa ndani ya vihariri vitatu tofauti bila ugomvi.

Kuandika build.gradle, faili la maelekezo ya Gradle, kulichukua asubuhi moja. Plagini (nyongeza) ya java, plagini ya application, mavenCentral kama chanzo cha maktaba, na vitegemezi sita, kila kimoja na namba ya toleo lake. Nilipomaliza, kule juu kulia kwenye dirisha la IntelliJ kikatokea kitufe kidogo chenye tembo, alama ya Gradle. Ukikibonyeza, kihariri kinasoma faili upya na maktaba zinajipanga zenyewe upande wa kushoto. Ile maktaba ya PDF nikaiona hapo, jina na toleo, imetoka mahali panapojulikana. Nilishusha pumzi.

Kisha likaja suala la bando.

Mtu aliyezoea intaneti ya waya hawezi kuelewa siku ya kwanza ya Gradle kwenye hotspoti ya simu. Kwanza inajipakua yenyewe, kwa njia ya Gradle Wrapper, programu ndogo inayokaa ndani ya mradi na kuleta toleo la Gradle lililoandikwa, na hiyo peke yake inazidi MB 100. Halafu plagini, halafu maktaba, halafu vitegemezi vya maktaba, ambavyo navyo vina vitegemezi vyao. Bando langu la wiki liliisha kabla ya saa nane mchana, na kila mmoja wa wenzangu alikuwa bado anatakiwa kupita njia hiyohiyo. Baadaye niligundua kwamba faili la gradle-wrapper.properties lilikuwa limeandikwa toleo linaloishia na "all", ambalo limebeba na msimbo chanzo na nyaraka. Kwa kujenga mradi, "bin" inatosha. Badilisha neno hilo moja kabla hujabonyeza kitu chochote. Ningelijua mapema ningeokoa pesa.

Kilichotuokoa ni flashi. Kila kitu ambacho Gradle inapakua inakiweka kwenye folda ya .gradle ndani ya folda yako ya nyumbani, na akiba ya maktaba iko kwenye caches/modules-2. Tangu toleo la 6.1 akiba hiyo inahamishika kutoka mashine moja hadi nyingine. Unainakili ilivyo, ila usibebe mafaili yanayoishia na .lock wala lile la gc.properties. Pia nilinakili folda ya wrapper/dists, ili hata Gradle yenyewe isipakuliwe tena. Hapo kuna jambo la kuangalia: ndani ya dists kuna folda yenye jina la herufi na namba zisizosomeka, na jina hilo linatokana na anwani iliyoandikwa kwenye gradle-wrapper.properties. Anwani ikitofautiana hata kidogo, Gradle inaona folda ni ngeni na inaanza kupakua upya.

Mwenzangu alikuja Dodoma kwa treni ya SGR kikao cha mwisho wa mwezi, akaondoka na flashi mfukoni. Kijana tulimpa hapohapo mezani. Kwenye IntelliJ nikawasha hali ya nje ya mtandao, kitufe kipo kwenye dirisha la Gradle, na kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, tunaongeza --offline. Tangu hapo tunajenga kila siku bila kugusa bando, isipokuwa siku ya kuongeza maktaba mpya. Kwa mazingira yetu hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote, na nashangaa mafunzo mengi niliyosoma yanalipita kana kwamba intaneti ni hewa.

Wiki ya pili kompyuta zilianza kuzubaa. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, na mchana feni ilikuwa inalia kama pangaboi. Niliandika gradlew --status (gradlew ndiyo amri ya kuiita Gradle kupitia Wrapper) kwenye terminali nikakuta Daemon mbili zinaishi kwa pamoja. Daemon ni mchakato ambao Gradle inauacha hai nyuma ili bildi (ujenzi wa programu) inayofuata iwe ya haraka. Usipoutumia, hujizima baada ya saa 3. Sasa, IntelliJ ilikuwa inaendesha Gradle kwa Java moja na terminali yangu kwa Java nyingine, na Gradle haiwezi kutumia Daemon moja kwa Java mbili. Nikaingia kwenye mipangilio ya Gradle ndani ya IntelliJ, mahali palipoandikwa Gradle JVM, nikachagua JAVA_HOME ili zote zisome sehemu moja. Nikaandika gradlew --stop, nikaanza upya. Feni ikanyamaza. Kama una mashine ndogo, angalia hapo kabla hujafikiria kununua RAM.

Mkanganyiko wa Java ulimkuta na kijana, kwa sura nyingine. Alikuwa amesakinisha Java 21 kwa sababu ndiyo mpya, na mradi wetu ulikuwa kwenye Gradle 8.4. Akapata ujumbe mwekundu: Unsupported class file major version 65. Namba 65 ni Java 21 kwa lugha ya ndani ya mashine. Java 17 ni 61. Gradle yenyewe ilianza kutembea juu ya Java 21 kwenye toleo la 8.5. Kulikuwa na njia mbili, kupandisha Gradle au kumshusha yeye kwenye 17. Tukachagua 17, kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye kompyuta ya ghala, na nikaandika kwenye build.gradle kwamba mradi huu ni wa Java 17 ili swali lisirudi tena. Kijana alikaa na ujumbe ule siku nzima bila kuniambia, akidhani ameharibu kitu. Nilimwambia, "Mdogo wangu, ukikwama zaidi ya nusu saa niite." Ujumbe wa kosa kwenye Gradle ni mrefu na mara nyingi sababu halisi imejificha chini kabisa, kwenye mstari unaoanza na Caused by. Anzia huko.

Na lipo kosa jingine ambalo naamini linawakuta wengi. Faili letu la .gitignore lilikuwa na mstari wa kuzuia JAR zote zisiingie kwenye Git, chombo tunachotumia kutunza na kushirikishana msimbo, kanuni nzuri ya zamani. Lakini Gradle Wrapper ina JAR yake ndogo, gradle-wrapper.jar, na hiyo lazima iingie. Mwenzangu alipovuta mradi kutoka Dar, gradlew ikamwambia haioni GradleWrapperMain. Tulihangaika kwa simu karibu saa nzima. Mstari mmoja wa kuiruhusu ukamaliza kila kitu.

Baada ya hapo mambo yalitulia, na naweza kusema ninachokipenda kwa moyo wote. Sasa kihariri hakina kauli ya mwisho. Kauli ya mwisho iko kwenye build.gradle. Ndani ya IntelliJ nimeacha chaguo la kujenga na kupima kwa kutumia Gradle, ingawa kuijengea kwa IntelliJ yenyewe wakati mwingine ni haraka zaidi. Nataka kijani cha majaribio kufaulu ninachokiona mimi kiwe kijani kilekile anachokiona mwenzangu. Nikiongeza kitegemezi, sitaji kwenye WhatsApp. Nakomiti, napushi, yeye akivuta NetBeans yake inakijua. Uzuri mwingine ni kwamba Gradle hairudii kazi ambayo haijabadilika. Inaandika UP-TO-DATE na kupita. Umeme ukikatika na betri iko asilimia 20, hilo unalihisi.

Na ule mzigo wa kupeleka kwa mteja: taski (kazi unayoiagiza Gradle) ya distZip, inayokuja na plagini ya application, inatoa zipu moja yenye folda ya lib, ambamo maktaba zote zimo, na folda ya bin yenye faili la kuanzishia. Sibebi tena JAR moja moja kwa kukumbuka.

Kile ambacho sijakizoea ni uhuru wake. build.gradle ni programu kamili, iwe kwa lugha ya Groovy au ya Kotlin, na mtu anaweza kuandika humo chochote. Kijana aliandika taski ya kunakili stakabadhi za majaribio, ikafanya kazi, lakini hakuna mwingine aliyeielewa, nikamwomba aitoe. Maven haikupi nafasi hiyo, na kwa timu kubwa yenye watu wanaoingia na kutoka huo ni ulinzi. Kwa sisi watatu tumekubaliana kwamba faili hilo libaki fupi, lisomeke bila kusogeza ukurasa.

Nilirudi Kibaigwa mwezi uliofuata. Nilimwamkia mama, nikafungua zipu, stakabadhi ya kwanza ikatoka. Akaisoma yote, akasema palipoandikwa "uzito" wanunuzi wake wanauliza ni uzito wa nini, iandikwe "kilo halisi", maana wao wanatoa kwanza uzito wa gunia tupu. Umeme ulikuwa umekatika dakika chache kabla na bando sikuwa nalo. Nilifungua laptopu juu ya gunia, nikabadilisha neno, nikaandika gradlew distZip --offline. Mistari ikapita, mingi UP-TO-DATE, mwisho BUILD SUCCESSFUL. Nikahamisha kwa flashi. Umeme uliporudi tukachapa tena, mama akaiweka karatasi kando ya daftari lake na kupitisha kidole kwenye hesabu zote mbili, safu kwa safu.

"Zimelingana," akasema, kisha akamwita dereva wa fuso ya kwanza.